Bati la mwanga limevuja tena

Masika imetuamsha alfajiri hapa Tanga. Lile bati la plastiki la kuingizia mwanga jikoni likaanza kudondosha, mama akainuka kukinga ndoo.

Mvua ilipokatika, fundi akapanda. Akaniita juu nijionee: washa, kile kipete cha mpira cha kuzuia maji chini ya skrubu, imekauka kwa jua, ukiigusa inavunjika kama biskuti.

Ameniambia plastiki hutanuka kwa joto kuliko bati la chuma. Tundu likibana skrubu, plastiki inapasuka hapo hapo. Kwa hiyo ametoboa matundu mapana kidogo, akaweka washa mpya pana na silikoni ya kuziba.

Ile washa imeniuma. Kitu kidogo vile, mama yangu halali!

Wenzangu wa pwani, zenu zinadumu muda gani? Mnatumia aina gani?