Fundi Asiye na Grisi Mikononi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafungua karakana yangu ya pikipiki za umeme hapa Nairobi. Nafagia, nawasha chaja, wanafunzi wanaingia.

Saa mbili ni somo. Kabla ya kugusa betri, pete na saa za mkononi zinavuliwa. Hizi za volti 72 tunazofundishia zina makundi 20 ya seli yaliyounganishwa mfululizo, na zikijaa hufika volti 84. Vijana waliotoka kwenye injini za petroli huja na ujasiri mwingi. Petroli ikivuja utainusa. Umeme hauna harufu.

Saa nne akaja mwanabodaboda akisukuma pikipiki, jasho linamchuruzika.

"Fundi, mota imeungua. Nimeambiwa ninunue nyingine."

Dashibodi inawaka, betri ina chaji, gurudumu halizunguki. Nikampa mwanafunzi mita ya kupimia umeme. Akapima waya wa ishara wa aksileta: volti 0.8 ikiwa imetulia, ukiikaza inapanda hadi zaidi ya 3. Hapo pazima.

"Mnapima nini asubuhi yote? Fungueni mota!"

Nikamwambia, ndugu yangu, subiri. Akakaa, akainuka, akakaa tena. Mwenye pikipiki anataka hesabu yake jioni, namwelewa. Lakini mteja huyu alipompigia yule fundi wake wa kwanza, aliyemwambia anunue mota, na kuweka spika ili anielekeze kazi, nilimeza mate.

Kumbe ni swichi ya breki. Vumbi na sabuni ya kuoshea vimeigandisha, kontrola, kifaa kinachoiongoza mota, ikadhani breki imeshikwa, ikaikatia mota umeme. Tukaisafisha, gurudumu likazunguka.

"Mia tano."

"Ya nini? Hamjabadilisha hata nati!"

Mtu huyu angenunua mota ya maelfu bila kuuliza. Tulibishana hadi chai yangu ikapoa. Sikushusha bei kwa sababu wanafunzi walikuwa wanatazama: wakienda kujiajiri hawatakuwa na duka la vipuri, watauza kupima tu. Mwishowe akatuma mia tatu. "Nyingine baadaye, fundi."

Mchana sijui ulipitaje. Kontrola iliyoingia maji, moshi wa solda, mzazi anayeomba muda wa karo, kisha kontrola nyingine. Mgongo unauma na giza limeshaingia.

Nafunga mlango, simu inalia. Ni yeye. Pikipiki ya mwenzake wa steji imegoma vilevile, naye amemwonya asikubali mota ifunguliwe kabla ya kupimwa.

"Sasa tukiwa wawili si utatupunguzia?"

Nimemwambia ailete asubuhi, pamoja na mia mbili yangu.