Skrubu nne za bakuli

Ilikuwa 2009, Wete. Umeme wa Pemba wakati ule ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na ulikuwa ukikatika. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga umekuja mwaka uliofuata. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililotufanya tutumie keekee ya mkono, na keekee ya mkono ndiyo iliyoinusuru kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini.

Pikipiki ilikuwa ya ami yangu, Honda kuukuu ya silinda moja, cc 125. Yeye alikuwa Maskati miaka miwili, na muda wote huo ilikaa bandani imefunikwa majamvi ya kuanikia karafuu, tangi lina petroli na kabureta imejaa. La tangi lingesameheka. La kabureta halina msamaha. Petroli ikiachwa kwenye bakuli, kikombe cha chini ya kabureta kinachoiweka, ile nyepesi huruka na nzito hubaki: kwanza hugeuka rangi ya chai ya rangi, kisha hunata kama asali, mwisho hukauka ikawa gamba la kahawia linaloshika shaba kama gundi. Chombo kikitarajiwa kukaa zaidi ya mwezi, hufungwa koki, halafu hulegezwa skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli mpaka litoke tone la mwisho. Ni kazi ya dakika mbili.

Ami alipiga kiki mpaka kanzu ikamlowa. Tulipofungua plagi tuliikuta kavu, haina hata harufu. Plagi kavu baada ya kiki ishirini maana yake petroli haifiki kwenye silinda, basi hakuna haja ya kuhangaika na cheche. Tatizo liko kwenye kabureta au kabla yake, kwenye njia ya kutoka tangini.

Hapo nikafanya kosa langu. Badala ya kuishusha kabureta nzima, nikalala ubavu na bisibisi ya nyota ya dukani, nikaanza kufungua bakuli likiwa palepale kwenye injini. Skrubu ya kwanza ikatii. Ya pili bisibisi ikaruka, ikaruka tena, na kila ikiruka inakwangua. Ya tatu na ya nne nilizifanyia vivyo hivyo kabla sijapata akili ya kuacha. Nilipomulika tochi, nyota mbili zilikuwa zimekuwa mashimo ya duara, na ya tatu imebaki na kona moja tu.

Fundi tuliyemwita, mzee wa makamo aliyezoea Vespa na mashine za boti, hakuuliza kitu. Alikitia kidole kichwa cha ile skrubu iliyosalimika, akasema, "Iangalie hii nukta."

Pembeni mwa nyota palikuwa na kitobo kidogo, kama cha ncha ya sindano. Skrubu yenye nukta hiyo ni ya kipimo cha Kijapani. Kwa macho inafanana na nyota ya kawaida, lakini shimo lake limechongwa tofauti. Bisibisi ya Phillips, yaani ile nyota ya kawaida ya dukani, haifiki chini. Inaning'inia kwenye kuta, na ukizungusha kwa nguvu inapanda juu na kutoka, ikila kuta wakati wa kutoka. Ndiyo maana watu husema skrubu za Honda ni laini. Si laini, zinafunguliwa na chombo kisicho chake. Fundi alikuwa na bisibisi moja ya namba 2 ambayo ncha yake aliisaga kwenye jiwe, akiondoa kiasi cha nusu milimita, ili iingie mpaka chini. Akipata bisibisi ya Kijapani hutumia hiyo, asipoipata husaga.

Tukaishusha kabureta. Boliti mbili za spana namba 10 zinazoishika kwenye injini zilitoka bila ubishi, mrija wa petroli ukavutwa, na kifuniko cha juu kinachoshika slaidi, kile kipande kinachopanda gesi ikivutwa, na sindano yake kikafunguliwa kwa mkono. Slaidi ikabaki ikining'inia kwenye waya wake wa gesi. Tuliifunga kwa kitambaa safi. Bakuli tulilimwaga kwa skrubu yake ya chini. Hakikutoka kitu ila matone mawili meusi.

Kabureta ikiwa mezani, juu ya kipande cha mbao, unaona kinachozishika skrubu. Mwili wa kabureta nyingi za aina hii ni aloi ya zinki. Skrubu ni chuma. Metali mbili tofauti, hewa ya chumvi kati yake, na mvua za masika mbili: zinki huliwa, na kinachozaliwa ni unga mweupe unaohitaji nafasi kubwa kuliko metali yenyewe. Unga huo hujaa kwenye nyuzi za skrubu na kuzikaba. Mtu akizungusha kwa hasira, kinachokatika ama ni kichwa cha skrubu ama sikio la kabureta, ile sehemu yenye tundu la skrubu, na sikio la kabureta halishonwi Wete.

Kwanza tulichokoa chumvi na uchafu ndani ya nyota kwa sindano ya cherehani. Bisibisi haikai juu ya uchafu. Kisha tukadondoshea mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, tone moja kila kichwa. Huachana upesi, kwa hiyo hutikiswa kila mara kabla ya kudondosha. Tukaziacha usiku kucha. Ami hakupenda.

"Kazi ya skrubu nne inalala?"

"Inalala, Maalim," fundi akamjibu. "Wewe pia ukalale."

Asubuhi ile yenye kona moja ilitoka. Fundi aliipaka ncha ya bisibisi dawa ya kusagia vali, ule uji wa mchanga, ili isiteleze. Akaigonga sehemu ya nyuma ya bisibisi kwa nyundo ndogo mara tano sita, mapigo mafupi, mbao ikiwa imeegemea chini ya sikio. Mapigo hayo huvunja unga kwenye nyuzi. Halafu akaegemea kwa kifua. Nguvu nyingi ni ya kusukuma chini, ndogo tu ni ya kuzungusha. Bisibisi ya kupiga kwa nyundo, ile inayojizungusha yenyewe, alikuwa nayo, lakini aliiacha mfukoni. Hiyo ni ya skrubu za milimita 6 za vifuniko vya injini. Kwenye kabureta inavunja.

Ya pili kichwa chake kilikuwa cha duara kilichojitokeza juu. Tukakikamata kwa plaizi ya kujifunga, iliyokazwa mpaka meno yamezama, na ikasogea robo mzunguko, ikarudishwa, ikasogea tena. Skrubu iliyokwama haivutwi moja kwa moja mpaka nje. Hupelekwa na kurudishwa, ukiongeza tone la mafuta, ili unga usagike badala ya kujikusanya mbele ya nyuzi.

Iliyobaki ilikuwa ndani ya kishimo, plaizi haifiki. Hiyo ndiyo iliyotaka keekee. Umeme ulikuwa umekatika, na seremala wa jirani akatupa keekee yake ya kuzungusha kwa mkono. Fundi alitia alama katikati kwa msumari wa chuma kigumu, akaanza na biti ya milimita 2, akafuatia ya 4. Shina la skrubu lenyewe ni milimita 4, kwa hiyo biti hiyo haitoboi zaidi ya kichwa. Ikishuka milimita mbili na nusu hivi, kichwa kinaachana na shina, kinapanda kwenye biti kama pete. Drili ya umeme ingeshuka mpaka kwenye zinki kabla hujaachia kitufe.

Jambo ambalo sikulijua mpaka siku ile ni hili: kichwa kikishatoka, ubishi mwingi umekwisha. Kinachoifanya skrubu ikaze ni mvuto kati ya kichwa na nyuzi. Tulipolinyanyua bakuli, shina lilibaki limesimama kama milimita nne juu ya sikio, na fundi akaligusisha chuma cha lehemu kilichopashwa kwenye jiko la makaa, dakika moja hivi, kisha akalizungusha kwa plaizi ndogo likatoka. Moto wa wazi hakutaka hata kuusikia. Zinki ya namna ile huyeyuka kwenye nyuzi joto 385 hivi, na mabaki ya petroli hayangoji huko. Hata lile jiko lilikuwa nje, upande wa pili wa ua.

Ndani ya bakuli palikuwa na gamba la kahawia lenye unene wa ukucha. Boya, linaloelea na kufunga vali ya petroli bakuli likijaa, lilikuwa limeganda juu, kwa hiyo vali ilikuwa imefungwa na petroli haiingii. Pini ya boya hutolewa kwa kusukumwa polepole, maana nguzo zake mbili hukatika kwa kuchezewa tu. Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, inayorekebisha kiasi cha petroli na hewa, tuliizungusha ndani mpaka iguse, tukihesabu: mizunguko miwili kasorobo. Nikaiandika kwa kalamu ubaoni. Inaguswa, haikazwi, ikikazwa ncha yake hutanua kiti chake na slensi, yaani mwendo wa injini isipovutwa gesi, haitulii tena.

Ami alileta ndimu. Alikuwa amesikia kwamba kabureta huchemshwa kwenye ndimu, na hakukosea sana, ila asidi hula zinki na kuiacha nyeusi. Tukaafikiana: jeti mbili za shaba, zile zenye vitundu vya kupimia petroli, na mrija wa sindano viingie kwenye maji ya ndimu nusu saa, mwili uoshwe kwa petroli na tina, ile ya kuyeyushia rangi, mpira wowote ule usikaribie tina. Shaba ilitoka na rangi ya wekundu, ikasuuzwa kwa maji ya moto.

Jeti kubwa ilionyesha mwanga mara moja. Jeti ndogo, ile ya slensi, haikuonyesha. Tundu lake ni jembamba kuliko nusu milimita, na hapo ndipo watu huchukua sindano. Chuma ni kigumu kuliko shaba. Kikipita mara tatu tundu si lile tena, na pikipiki itakula petroli milele. Tulitumia uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa simu. Ulipita mara ya nne. Njia za ndani ya mwili tulizipuliza kwa pampu ya baiskeli iliyotiwa sindano ya kujazia mpira. Ncha yake inaingia barabara kwenye matundu, na unasikia hewa ikitokea upande wa pili. Usiposikia, rudia.

Vali ya boya ilipimwa kwa mdomo: kabureta imepinduliwa, boya likikaa kwa uzito wake, ukipuliza kwenye mrija wa petroli hewa isipite. Haikupita.

Skrubu mpya zilikuja siku ya pili kutoka Chake Chake, za alenki, zenye tundu la pembe sita kichwani, milimita 4 kwa 16. Nilikuwa nazitia, fundi akanizuia, akaingiza njiti ya kibiriti ndani ya tundu na kupima. Skrubu ikiwa ndefu hufika mwisho wa tundu kabla ya kulibana bakuli. Mkono unahisi imekaza, na gasketi inavuja. Zilikuwa zimezidi milimita 2. Tulizikata kwa msumeno wa chuma, kila moja ikiwa imevalishwa nati kabla ya kukatwa, ili nati ikitoka isafishe nyuzi. Zikapakwa grisi kidogo, zikakazwa kwa kupishana kona kwa kona, kwa vidole viwili.

Iliwaka kiki ya tatu, choki imevutwa. Ikizimika bila choki maana yake slensi bado, haikuzimika. Ami akaipanda hivyohivyo, kanzu na kofia.

Siku ya tatu ikamzimikia njia ya Chake. Tangi hatukulifungua. Kutu yake ilikuwa imepita kwenye kichujio cha koki kilichotoboka, ikashuka mpaka kwenye jeti ileile. Tukatia tangini mnyororo wa baiskeli na lita mbili za mafuta ya taa, tukalitikisa kwa zamu mpaka mafuta yakatoka meupe, tukanunua koki mpya. Bakuli nikalifungua mwenyewe. Alenki tatu na ile skrubu moja ya Kijapani yenye nukta, zote nne zilizunguka kwa dakika moja.