Wachina wa Dhahabu wa Potsdam

Kutoka Berlin mpaka Potsdam sina la kusimulia: treni imejaa, kimya, kila mtu na simu yake. Dada niliyefikia kwake alinisisitiza nisikose bustani ya Sanssouci, bustani ya kasri la wafalme wa zamani. Hakuniambia kwamba ukubwa wake ni wa kuchosha magoti, wala kwamba kahawa moja pale ni bei ya mlo mzima wa Kariakoo.

Nikaikuta Nyumba ya Kichina katikati ya miti, nikacheka peke yangu. Nguzo za baraza ni mitende iliyopakwa dhahabu, minene kiunoni, makuti yamejipanga kwa adabu ambayo sisi tuliokulia chini ya minazi hatujawahi kuiona. Chini yake wamekaa watu wa mawe, nao wamepakwa dhahabu, wanakunywa chai. Nikamsogelea mwanamke mmoja. Mavazi ni ya maua na kofia ni ya ajabu, lakini uso! Mashavu manene, pua ndefu: mama muuza mikate wa Potsdam kabisa. Inasemekana wenyeji ndio waliotazamwa wakati wa kuchonga. Jirani zake wanakula nanasi, tunda lenye asili ya Amerika, si China.

Mama mmoja wa Kichina, mtu mzima, akanipa simu nimpige picha hapo. Akalitazama sanamu, akashika pua yake mwenyewe, akaivuta mbele. Tulicheka mpaka mlinzi akageuka. Mwanawe akanitafsiria: "Mama anauliza, huyu ni nani?"

Ndani ni chumba kidogo (kiingilio, hata hivyo, si kidogo), dari imechorwa nyani na kasuku, na vyombo vya kauri vimepangwa. Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia, dola ya zamani ya Wajerumani, aliijenga nyumba hii kuanzia 1755 hadi 1764, na Vita vya Miaka Saba vikaichelewesha. China hakuwahi kuikanyaga. Nadhani hakuihitaji: huku anapeleka vijana vitani, alijitengenezea nchi ambayo watu kazi yao ni chai na muziki. Kauri kama ya China Wazungu walikuwa wamehangaika kuitengeneza miaka mingi, mpaka kiwanda cha Meissen, hukohuko Ujerumani, kilipoanza mwaka 1710. Kitu cha watu usichojua kukitengeneza kinakutia ndoto.

Kwetu pwani kauri ya China ilishushwa jahazini karne nyingi kabla ya hapo, na baadaye ikapangwa kwenye zidaka za nyumba za Lamu na kupachikwa kwenye nguzo za makaburi ya kale ya Kunduchi, Dar es Salaam. Waliokuwa nayo mezani hawakujisumbua kumbuni Mchina wa dhahabu. Yule mama nilitaka kumweleza haya, lakini mwanawe alishakwenda kutafuta choo, na choo nacho cha kulipia. Kunduchi bakuli nyingi zimeshabanduliwa, ila kiingilio cha Mtanzania pale hakifikii ile kahawa.