Kaunta buku yangu ya sheria ndogo

Nakaanga sato jioni hapa Mwanza, mwaka wa 11 sasa. Katika kikundi chetu cha wakaangaji mimi ndiye katibu. Kwenye kapu langu, pamoja na ndimu na magazeti ya kufungia samaki, haikosi kaunta buku moja isiyohusu mikopo wala michango. Humo nafuatilia sheria ndogo, zile zinazotungwa na halmashauri.

Ilianza siku tuliyokwenda kwa diwani kulalamika. Ushuru ulikuwa umepanda, nasi tulilijua hilo siku ya kulipa tu. Tukamwamkia, tukakaa, mwenzetu mmoja akaeleza kwa uchungu. Mheshimiwa akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mama zangu, tangazo la kuomba maoni lilipobandikwa kwa mtendaji, nani kati yenu alilisoma?" Tukatazamana. Ubao ule tunaupita kila siku tukienda kuchukua samaki. Sheria ilikuwa imeshatoka, na kuibadilisha ni kuanza safari upya.

Safari yenyewe ni hii. Halmashauri za miji zinatunga sheria ndogo kwa nguvu ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982. Wazo huanzia idarani, mwanasheria wa halmashauri anaandika rasimu, inapita kwenye menejimenti na kamati ya kudumu hadi Baraza la Madiwani. Njiani humo lazima wananchi watangaziwe, mwenye maoni au pingamizi aliandike. Mlango wetu ni huo. Baraza likishapitisha, rasimu inakwenda Dodoma kwa Waziri wa TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Akiridhia, inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba, ile inayoandikwa "Tangazo la Serikali Na." pamoja na mwaka. Hata baada ya hapo, Bunge lina kamati yake ya Sheria Ndogo inayozikagua.

Kwa hiyo redio ikisema baraza limepitisha, mimi siandiki kwamba sheria imeanza. Naandika tarehe ya kikao tu. Kurasa zangu nimezipiga mistari: tarehe tangazo lilipobandikwa, mwisho wa kupokea maoni, siku tuliyopeleka barua na nani aliipokea (naomba nakala igongwe muhuri), siku ya baraza, na safu ya mwisho ni namba ya Gazeti. Juu kabisa naandika ni halmashauri ipi, maana tangu 2012 Ilemela ina halmashauri yake, na mwenzetu anayenunua dagaa Mwaloni Kirumba, upande wa Ilemela, halafu anauza Mkuyuni, upande wa Jiji, anagusa sheria za pande mbili kwa siku moja.

Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi, nami nimekwenda mara tatu. Baraza la kawaida hukaa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo ukikosa kimoja unasubiri sana. Madiwani wana makabrasha mezani, wewe huna. Unamsikia mwenyekiti akitaja ukurasa na kifungu, mjumbe anasimama, hoja inaungwa mkono, imepita. Ndiyo maana naisoma rasimu mapema. Na nikiipata sianzi na kurasa za mbele zenye tafsiri ya maneno. Nafungua nyuma, kwenye Jedwali, kwa sababu viwango vya ada vimekaa huko. Mikutanoni nimeona watu wakibishana nusu saa juu ya kifungu cha usafi, na Jedwali halijafunguliwa na yeyote.

Rasimu tuliyonayo sasa, Jedwali lake lilikuwa na mstari mmoja tu: "kibanda cha chakula". Mwenye chumba chenye umeme na bomba alipe sawa na binti anayekaangia kwenye meza moja chini ya mwavuli! Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, wanachama 14 wakatia saini, tukaomba meza iwe na mstari wake na kiwango chake. Sikuwaza kama ingesomwa.

Wiki iliyopita mtendaji wa kata alinionyesha rasimu iliyorekebishwa. Mstari wa meza upo. Kiwango bado kikubwa kwa macho yangu, na baraza halijakaa. Kesho mchana, kabla ya kuwasha jiko, tunakutana kuandika barua ya pili.