Macho ya mtoto anayepiga hesabu

Leo nimeshinda na rekodi za macho ya watoto wakipiga hesabu za kichwa, na bado nataka kuendelea. Kifaa cha kufuatilia macho hakimgusi mtoto. Kinammulika kwa mwanga wa infraredi asiouona, kamera inafuata mboni na mng'ao mdogo unaorudi kutoka kwenye konea (utando angavu wa mbele ya jicho), kisha programu inakokotoa alipotazama kwenye skrini.

Chukua 3 + 9. Watoto wawili wanajibu 12, wote wamepata. Mmoja kaanzia 3, kahamia 9, kaganda hapo. Mwenzake kaipita 3 upesi, kairukia 9, kisha karudi kwenye 3 na kutulia: huenda ameshika namba kubwa kwanza na kuongezea ndogo, njia fupi kuliko ya mwenzake. Ukimuuliza amefanyaje, anasema, "Nimejua tu." Nasema huenda, kwa sababu jicho linaonyesha mahali, haliongei kilichomo kichwani. Ndiyo maana mtoto bado inabidi aulizwe, na muda wake wa kujibu upimwe.

Mboni nayo ina yake. Tangu 1964 watafiti Hess na Polt walionyesha kwamba hupanuka mtu anapozidisha namba kichwani, na swali likiwa gumu hupanuka zaidi. Ila mwanga wa chumbani usibadilikebadilike, la sivyo unapima taa.

Lakini kinachonikaa moyoni ni pale mstari wa rekodi unapokatika. Swali limekuwa gumu, mtoto kainua uso darini, midomo inachezacheza. Kwa mashine, hiyo ni data iliyopotea. Kwangu mimi hapo ndipo kazi inapofanyika! Watafiti Phelps na Doherty-Sneddon waliwafundisha watoto wa miaka 5 kuondoa macho usoni mwa anayewauliza wakati wanafikiri, na majibu yao yakawa bora zaidi. Uso wa mtu una mengi ya kusoma, na akili ya mtoto ina namba za kushikilia. Halafu sisi watu wazima tunamkatiza: "Hebu niangalie!" Inaniuma kila nikiisikia, maana mara nyingi hesabu inakuwa imebaki hatua moja tu.

Kwa hiyo nimeamua mapengo hayo siyafuti. Kila pengo nitaliandikia lilipoanza, mtoto alirudi skrini lini, na alirudi kwenye namba ipi. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitamani kuliko zote.