Nilivyomtafutia kaka yangu msaada wa kuacha pombe

Kaka alipohamia kwangu Nakuru, asubuhi haikuanza bila kuzimua. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili na bado chai ikamwagika. Wifi alikuwa keshaenda kwao na watoto.

Ushauri haukukosekana. Shangazi alitaka tumfungie chumbani wiki nzima, kisha aombewe. Nikapiga 1192, laini isiyolipishwa ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Mama aliyepokea hakunihubiria. Aliuliza: anakunywa kila siku? Akikosa hutetemeka? Amewahi kuanguka kifafa? Niliposema ndiyo, aliniambia nisithubutu kumkatisha pombe ghafla nyumbani. Mwili uliozoea pombe kila siku ukiikosa unaweza kushikwa na kifafa siku mbili za mwanzo, kisha siku ya pili au ya tatu akili ichafuke, na wapo wanaokufa.

Basi tukaanzia hospitali. Alipewa diazepam, dawa ya kutuliza, dozi ikipunguzwa kidogo kidogo, pamoja na sindano za vitamini B1, ambayo wanywaji wengi huwa imewaishia na ubongo huumia kwa kuikosa. Usiku wa pili alikuwa akiokota siafu kwenye shuka. Hakukuwa na siafu hata mmoja. "Tutawatoa, mzee," muuguzi alimjibu, huku akimpima presha.

Kituo cha kurekebisha tabia kilinitoa jasho zaidi. Cha kwanza nilichotembelea kilikuwa na makufuli mengi na hakuna muuguzi, na msimamizi aliongelea malipo tu. Ulizeni cheti cha NACADA kabla ya kutoa hata shilingi. Mwisho tulichagua mshauri nasaha wa hospitalini, kaka akitokea nyumbani, na jioni mikutano ya AA, kikundi cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe. AA hawatozi ada; kofia hupitishwa, mwenye chochote anatia.

Mimi nami niliingia Al-Anon, kikundi cha jamaa za wanywaji. Huko ndiko nilikopata ujasiri wa kumwendea mama pima aliyekuwa akimkopesha pombe na kumwambia deni la kaka silipi tena, amdai mwenyewe. Alinitukana, lakini mkopo ukakatika.

Krismasi kaka aliteleza. Kesho yake alirudi kwa mshauri bila kusukumwa. Wifi bado hajarudi. Anamruhusu kuwaona watoto Jumapili mchana, yeye mwenyewe akiwepo. Mama yetu analalamika, ila mimi niko upande wa wifi.