Matone mekundu kwenye chupa ya chai

Mwaka wa kumi na moja huu nakaa upande wa kushoto wa kiti cha meno hapa Arua, Uganda. Daktari hukaa kulia. Mgonjwa akifungua kinywa, pua iliyo karibu naye ni yangu, maana mimi ndiye mshika mrija wa kufyonza. Nayasema haya mapema ili mkisikia nimegombana na watu wazima kwa ajili ya dirisha msinione mkorofi.

Tulipowekewa kiyoyozi nilikuwa wa kwanza kushangilia. Joto la Januari huku kwetu mnalijua. Fundi akaligongomea dirisha misumari, wezi nao wakakosa njia. Haikupita wiki mbili nikaona jambo: ile harufu ya jino linalosagwa, inayofanana na nywele zikiungua, ilikuwa bado imo chumbani mgonjwa wa tatu akiingia. Kama harufu haijatoka, ni nini kingine hakijatoka? Kiyoyozi cha ukutani kama chetu huvuta hewa ya chumbani, kikaipoza, kikaturudishia ileile.

Drili inazunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, huku inarushiwa maji ili jino lisipate moto. Maji hayo yanapasuka vipande pamoja na mate, damu na unga wa jino. Matone makubwa yanaruka na kuanguka papo hapo, kwenye kifua cha mgonjwa au miwani yangu. Madogo ndiyo yenye balaa. Unywele una upana wa mikroni 70 hivi. Tone la mikroni 5 halina haraka ya kutua. Linakauka likiwa hewani, na kilichokuwa ndani yake kinaendelea kuelea. TB husafiri kwa njia hiyo, na ilikuwapo kabla ya Covid. Ila Covid ndiyo iliyotutia adabu: Machi 2020, Uganda ilipopata mgonjwa wake wa kwanza, tuliiweka drili kabatini tukabaki na koleo.

Koleo, kwa kweli, halina ukungu wa kutisha. Mzee anayekuja kung'oa kwa sababu hana hela ya kuziba hutuachia hewa safi kuliko yule bwana wa gari anayetaka meno yasafishwe kwa mashine ya mtetemo. Hilo hunichekesha kila mara.

Jumamosi moja, wagonjwa walipokwisha, nilitia rangi nyekundu ya keki kwenye chupa ya maji ya kiti. Tukashikiza jino lililong'olewa kwenye plasta, tukatandika mashuka meupe kila mahali.

"Dada, leo unatupikia keki?" Daktari akacheka.

Akachimba dakika tano. Shuka la kifuani lilikuwa jekundu, hilo tulilitarajia. Taa nayo. Mkono wangu hadi begani. Kisha nikaiona chupa yangu ya chai, kwenye rafu hatua tatu kutoka kitini, ina vidoa vitatu. Daktari akaacha kucheka. Na hayo ni matone makubwa tu, yanayoonekana kwa macho!

Tukarudia, safari hii nikiwa nimeusogeza mrija ule mpana hadi karibu kabisa na jino. Shuka likabaki karibu jeupe. Kile kijimrija chembamba kinachoning'inizwa mdomoni kinakunywa mate yaliyotuama, basi. Ukungu unatekwa na mrija mpana, na mkono unachoka, nawaambia. Kusukutua dawa kabla ya kuanza nako kunapunguza vijidudu vya kinywani, lakini TB inatoka mapafuni. Sukutua hadi magharibi, haitakusikia. Ndiyo maana anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi sasa tunampa barakoa, anasubiri nje kwenye benchi chini ya mwembe, na kama jino linaweza kungoja, anaanza kwa kupima makohozi.

Likabaki dirisha. Nilimwonyesha Daktari hesabu: chumba ambacho hewa yake inabadilishwa mara 12 kwa saa huhitaji kama dakika 23 kuondoa asilimia 99 ya vinavyoelea; ikiwa mara 6, dakika 46. Sisi tulikuwa tunampa mgonjwa anayefuata dakika tano. Hakubishana. Fundi akarudi, safari hii na koleo la kung'olea misumari, akaweka wavu mzito wa chuma. Vumbi jekundu la barabarani linaingia kila siku, na mfutaji ni mimi.

Asubuhi niliwasha udi nione moshi unaelekea wapi. Ulisukumwa kutoka upande wa dirishani, ukapita juu ya kiti, ukanijia usoni. Tukakigeuza kiti, feni tukaiweka nyuma yangu ikielekea dirishani. Nikawasha tena. Moshi ukapita juu ya kiti ukatoka nje.

Mama wa kwanza akaingia, akanusa, akatutazama mmoja mmoja.

"Haya, nani anaolewa?"